Msilaumu Damu ya Mtu

Wajukuu zangu mnaojidunga insulini kila siku, kuna swali ambalo wengi wenu hulirudia kwa machozi mbele ya mama zenu: "Ni wewe uliyenipa ugonjwa huu?" Hapana. Nimeona ukoo ukigawanyika kwa swali hilo, wa kuumeni wakiwanyooshea kidole wa kukeni, na mtoto mwenyewe hana anayemuuliza kama amekula.

Tunachorithi ni wepesi wa kupata kisukari aina ya kwanza, si kisukari chenyewe. Karibu nusu ya wepesi huo umo katika kundi la jeni liitwalo HLA, kwenye kromosomu ya 6. Kazi ya jeni hizo ni kuisaidia kinga ya mwili itambue kilicho chake na kilicho kigeni. Kinga ikikosea, inaziua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Ziko jeni nyingine nyingi zinazochangia kidogo kidogo. Lakini hata mapacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, mmoja akiugua mwenzake aweza kukaa miaka mingi mzima, na wapo wasiougua kamwe. Kwa hesabu za Ulaya, mtoto wa mama mwenye aina hii ana uwezekano wa asilimia 2 hadi 3 hivi wa kuupata, na wa baba asilimia 5 hadi 6. Kwa hiyo binti anayeambiwa asiolewe kwa sababu ya sukari anadhulumiwa. Aolewe, azae, mradi mimba yake iangaliwe kliniki kwa makini tangu mwanzo.

Nimetaja hesabu za Ulaya makusudi, kwani huko ndiko utafiti mwingi ulikofanyika, na damu yetu ina mambo yake. Chukueni jeni za HLA za kundi la DR3. Kwa watu wenye asili ya Ulaya huongeza hatari. Waafrika wengi wana DR3 ya namna nyingine, ambayo badala ya kuhatarisha, hukinga. Kipimo kilichotengenezwa kwa damu ya wale kinaweza kutusoma vibaya sisi.

Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Uganda, Kameruni na Afrika Kusini, kwa watu karibu 900 walioanza kuugua kabla ya miaka 30 na kuhesabiwa kuwa wana aina ya kwanza. Takribani theluthi mbili yao hawakuwa na zile kingamwili zinazoonyesha kwamba mwili unajishambulia, na jeni zao za hatari zilikuwa chache kuliko za wenzao waliokuwa nazo. Wala hawakufanana na wagonjwa wa aina ya pili. Huenda basi jina hili moja linafunika maradhi zaidi ya moja.

Hapa sikilizeni vizuri, maana najua habari hizi zitafikaje vijiweni. Asitokee kijana akasema, "Kumbe yangu si aina ya kwanza," akaiacha sindano. Kongosho za watu wale nazo zilitoa insulini kidogo mno. Ukiiacha, damu hujaa asidi, na siku chache zinatosha kukuua. Ni kweli wako watoto walioanza kuugua kabla ya kutimiza miezi 6 ambao kosa lao liko kwenye jeni moja tu, na baadhi yao hutolewa kwenye sindano wakapewa vidonge. Hilo huamuliwa na daktari baada ya kupima jeni, si na shangazi wala na mwuza dawa za mitishamba. Msiige dozi za wenzenu kliniki pia, hata mkiwa ndugu wa tumbo moja.

Na watafiti wakija kuomba damu, msikimbie. Waulizeni itapelekwa wapi, itahifadhiwa na nani, na majibu yatarudi kwenu lini. Wakiwajibu mkaridhika, nyosheni mkono.