TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Aliyekatika Mkono Si Mshitakiwa



Ndugu zangu, tumefunga kula na kunywa alhamdulillah. Lakini kuna nyama tunaendelea kuila mchana kweupe, nayo ni nyama ya ndugu yetu.

Kijana anaswali Alfajiri, anakwenda zake kwenye mashine ya mbao. Mashine inavuta shati, inachukua na mkono. Wenzake wanazima umeme, wanamfunga kitambaa, wanamkimbiza hospitali. Mwenyezi Mungu anambakishia roho. Kabla hajatoka wodini, mtaani hukumu imeshatoka. Huyu: "Mzembe yule, alikuwa anachezea simu." Yule: "Tajiri wake kamtoa kafara." Mwingine: "Swala zenyewe alikuwa za kubahatisha, Mungu kamuonesha." Na miaka ikishapita, mgeni akikiona kile kigutu ananong'ona: "Aliiba nini huyu?"

Jamani, hayo tumeyajuaje?

Urwa bin Zubeir, mtoto wa Bibi Asmaa binti Abubakar, alikuwa miongoni mwa wanazuoni saba wakubwa wa Madina. Akiwa safarini Sham mguu wake uliingia ugonjwa, ukabidi ukatwe. Safari hiyohiyo akafiwa na mwanawe, aliyepigwa teke na mnyama. Ibn Kathir anasimulia kwamba aliporudi Madina, zikamfikia habari kuwa wapo waliosema: hayo yamempata kwa dhambi kubwa aliyoifanya. Alisemwa Urwa, mwanachuoni wa Madina! Sembuse fundi wa mtaani kwetu?

Katika Suratul Hujurat aya ya 12 tumeamrishwa kujiepusha na dhana nyingi, kutochunguzana na kutosengenyana. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu hata akichomwa na mwiba, Allah humfutia makosa kwa huo mwiba. Sasa pima mwenyewe. Yeye kwa maumivu yake anafutiwa makosa. Sisi kwa maneno yetu tunampelekea thawabu za funga zetu. Nani kapata hasara hapo?

Utaniuliza, "Shehe, na kama kweli alizembea?" Uchunguzi una wenyewe. Kuuliza kama mashine ilikuwa na kinga, kama kijana alifundishwa kazi, kama alichoshwa na zamu ndefu, hayo ni maswali ya haki, yaulizwe mbele ya wahusika ili mwingine asiumie. Kuuliza kama anaswali hakuzuii mashine kukata mkono wa pili.

Hapa Tanzania upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na michango yake hutolewa na mwajiri. Majeruhi anahitaji mtu wa kumsaidia kufuatilia karatasi mapema. Ukimwambia "umejitakia", unaweza kumkatisha tamaa hata ya kudai haki yake.

Tufanye haya, inshaallah:

1. *Picha.* Kiungo kilichokatika hufungwa kitambaa kikazikwa kwa heshima. Hakizungushwi kwenye magrupu. Kama unayo picha ya majeruhi kwenye simu, ifute leo kabla ya futari.

2. *Mkono wa kushoto.* Aliyepoteza wa kulia akila kwa kushoto usimkate jicho, ana udhuru. Akikupa huo kukusalimia, upokee vizuri.

3. *Udhu.* Mwambie asiache swala kwa kudhani udhu wake haukamiliki. Anaosha kilichobaki katika sehemu ya faradhi, na asipoweza mwenyewe asaidiwe. Kama bado ana donda, amuulize daktari, kisha aje kwetu tumweleze.

4. *Ziara.* Nenda ukamuone. Usimtake asimulie ilivyokuwa, keshasimulia mara mia. Uliza kodi ya nyumba imelipwa na watoto wamefuturu nini.

Na wewe uliyeumia unayesoma hapa: kigutu chako si cheti cha dhambi. Ulitoka kutafuta riziki ya halali, na mja kutafuta halali ni heshima. Wasemao watasema. Anayekujua ni Mola wako.

Ewe Mola, waponye waliojeruhiwa makazini, wape subira na riziki njema, na uzilinde ndimi zetu kama ulivyotuwezesha kuyazuia matumbo yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiiq. Mtumie na mwenzio.