Senti Mbili na Nyumba Zilizoliwa

Jumapili ya harambee, mjane wa Marko sura ya 12 hakosi kutajwa. Kanisa linadai mabati, mhubiri anafungua mistari minne, wa 41 hadi wa 44, na kisa kinasimuliwa upya: Yesu ameketi hekaluni Yerusalemu mbele ya sanduku la hazina, matajiri wanatia fedha nyingi, mjane maskini anatia senti mbili. Kama yeye alitoa vyote, wewe je? Kikapu kinapita.

Senti zile zilikuwa leptoni, sarafu ndogo ya shaba, ya thamani ya chini kuliko zote zilizokuwa mikononi mwa Wayahudi. Marko anawafafanulia wasomaji wake kwamba leptoni mbili ni kodrante moja ya Kirumi. Dinari moja, ambayo katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu ni ujira wa kibarua kwa siku, ilikuwa na kodrante 64. (Rupia iliyotumika pwani yetu zamani nayo ilikuwa na pesa 64, kwa hiyo wazee wa Bagamoyo au Mombasa wangeipiga hesabu hii bila kuelekezwa.) Kwa kibarua wa saa 12, alichotoa mjane ni ujira wa dakika 11 hivi. Nazo zilikuwa mbili: angeweza kubaki na moja.

Lakini kisa hakianzi kwenye mstari wa 41. Mstari wa 40, Yesu yuko katikati ya kuwakemea waandishi, wataalamu wa Torati waliopenda mavazi marefu na viti vya mbele, kwa kosa la kula nyumba za wajane. Kiswahili hakihitaji ufafanuzi hapo. Tunajua fedha ya umma inavyoliwa, na tunawajua wajane waliotolewa nyumbani na ndugu wa marehemu hata kabla ya kuanua tanga. Mara tu baada ya kemeo hilo, mjane anaingia. Na mara tu baada ya mjane, mwanafunzi mmoja anastaajabia mawe makubwa ya hekalu, naye Yesu anamjibu kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe. Mwaka 70 Warumi walilichoma.

Msomaji wa leo huupoteza mfuatano huu kwa urahisi, kwa sababu mgawanyo wa sura tulio nao ni wa karne ya 13, kazi inayohusishwa na Stephen Langton, Askofu Mkuu wa Canterbury. Katika Luka kisu kimepita pabaya zaidi: kemeo limebaki mwisho wa sura ya 20, mjane akafungua sura ya 21, kana kwamba hawajuani.

Mwaka 1982 mtaalamu wa Biblia Addison Wright aliuliza waziwazi kama maneno ya Yesu ni sifa au ni maombolezo. Hoja yake ina uzito. Yesu hasemi popote kwamba wengine wakafanye vivyo hivyo. Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati 14 na 24, inaagiza mjane alishwe kwa zaka na kuachiwa masazo ya mavuno. Hapa mjane ndiye anayelilisha hekalu.

Hata hivyo, kumgeuza mama huyu kuwa mhanga tu ni kumnyang'anya mara ya pili. Yesu anawaita wanafunzi wake makusudi wamwone. Neno la Kigiriki analotumia Marko kwa kile alichotoa, bios, lina maana ya riziki na pia ya maisha, na Yesu anayeyasema hayo amebakiza siku chache kutoa maisha yake mwenyewe. Imani ya mjane ni ya kweli, na deni la waliopokea senti zake ni la kweli. Anayehubiri la kwanza na kulinyamazia la pili amesoma nusu ya ukurasa.

Kanisa la mwanzo lililisikia deni hilo. Katika Matendo 6, manung'uniko kwamba wajane fulani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku yaliwafanya mitume waitishe mkutano, nao waumini wakachagua watu saba wa kuisimamia. Kuhusu shemasi Laurenti, aliyeuawa Roma mwaka 258, mapokeo husimulia kwamba alipodaiwa hazina za kanisa, aliwaleta maskini.

Sharika nyingi za Tanzania hutumia bahasha za ahadi zenye jina au namba ya msharika, na mhazini ana daftari linaloonyesha nani amemaliza na nani bado. Daftari hilohilo linaweza kusomwa kwa jicho jingine: bibi aliyekuwa akitoa kila mwezi, sasa ni miezi mitatu bahasha yake haijaonekana. Jumatatu mzee wa kanisa anaweza kupita kwake na unga, akae kidogo, aulize shamba liko mikononi mwa nani.