Darasa la Mpakani

Wiki hii nimekuwa Tunduma, mpakani mwa mkoa wa Songwe, kwa mazoezi ya kufundisha, hisabati darasa la tano. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, Zambia. Watoto wa hapa hubadili kwacha kuwa shilingi kichwani bila kusita, na huo ni ujuzi, si utundu. Lakini ukiwaandikia hesabu hiyohiyo ubaoni kwa desimali, kalamu zinasimama. Basi tukafungua duka juu ya madawati: muuzaji, mteja, mbadilisha fedha. Binti wa nyuma, ambaye hakuwahi kunyoosha kidole, akamsahihisha muuzaji chenji. Jumatatu nataka yeye ndiye ashike chaki.