Umbo Libaki, Chuma Kiboreshwe

Naheshimu sana kitu kinachoboreshwa mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki. Rangi mpya huuzika haraka, na wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kazi ngumu ni kukigusa kiini na kuliacha umbo kama watumiaji walivyolizoea. Mfano wa kazi hiyo ninaoupenda kuliko yote ni Buck 110, kisu cha kukunja cha wawindaji wa Marekani, hasa kile kilichotiwa chuma cha S30V.

Familia ya Buck ilianza kukiuza mwaka 1964 huko San Diego, California. Wakati huo mwindaji aliyetaka kuchuna mnyama bila hofu alibeba kisu kirefu kisichokunjwa, kwa sababu bapa la visu vingi vya kukunja lilishikiliwa na springi peke yake. Ukikandamiza vibaya, linakufungia vidoleni. Buck 110 ina kufuli mgongoni mwa mpini: bapa likifunguka, kipande cha chuma huingia katika pengo lake, na halikunjiki tena mpaka uibonyeze kufuli kwa kidole. Kufuli ya namna hiyo haikuwa ngeni duniani, ila hapa ilipewa uimara wa kutosha kazi ya porini. Bapa lina urefu wa sentimita 9.5 hivi, na kisu kizima, pamoja na shaba yake na mbao yake nyeusi, kina uzito wa gramu 200 na ushei. Wamarekani wengi walikipenda hata wakawa wanakiita kisu chochote cha aina hiyo kwa jina la Buck.

Mapenzi ya familia hiyo kwa chuma yalianza mapema zaidi. Mwaka 1902 Hoyt Buck, kijana mwanagenzi wa uhunzi katika jimbo la Kansas, alikuwa akitafuta namna ya kuyapika majembe ya wakulima ili yasiwahi kuwa butu. Kisu chake cha kwanza alikifua kutokana na tupa iliyochakaa. Mhunzi wa kwetu anayetoa panga katika springi kuukuu ya gari angeelewana naye bila mkalimani: wote wawili wanajua kwamba thamani ya chuma haiishii pale kilipoanza kazi.

Kwa miaka zaidi ya sitini sasa umbo la 110 limebaki karibu lile lile, huku chuma chake kikibadilishwa mara kadhaa. Kilianza na 440C, na tangu miaka ya 1990 toleo la kawaida hutumia 420HC. Katika orodha ya viungo, 420HC ni chuma cha kawaida, chenye kaboni isiyofika nusu ya asilimia moja. Hata hivyo kimejijengea jina jema kwa sababu ya mapishi yake. Paul Bos, bingwa wa kazi hiyo aliyefanya kazi na Buck kwa miaka mingi, alijua joto la kukichoma, namna ya kukipoza na kukigandisha, kisha joto la kukirudisha motoni ili kisiwe kigumu cha kukatika. Chuma cha kawaida kilicholelewa vizuri hukishinda chuma cha ghali kilichopikwa ovyo.

S30V nayo ilitoka mwaka 2001 katika kampuni ya Crucible ya Marekani, ikiwa imebuniwa kwa ajili ya visu. Ina kaboni ya asilimia 1.45 hivi, pamoja na asilimia 4 ya vanadi. Viungo hivyo vikikutana huzaa chembe ngumu sana, na hizo ndizo zinazolinda makali. Taabu ni kwamba chuma kama hicho kikimiminwa na kuachwa kipoe polepole, chembe hunenepa na kujikusanya mahali pamoja, nacho huwa chepesi kumeguka. Kwa hiyo chuma kilichoyeyuka hupuliziwa gesi kikageuka unga, kisha unga huo hushindiliwa kwa joto na shinikizo kubwa hadi uwe pande moja. Chembe hubaki ndogo na kuenea sawasawa. Ukiviweka visu viwili, cha 420HC na cha S30V, kando kwa kando hutaona tofauti. Utaiona baada ya kazi ndefu, kimoja kinapohitaji kunolewa na kingine bado kinakata.

Ubora huo una gharama yake, na bei ni sehemu ndogo tu. Kinachochelewa kuwa butu huchelewa pia kunoleka. Jiwe la kawaida huhangaika juu ya S30V, na mwenye nacho atahitaji jiwe la almasi na subira. Asiye tayari kwa hayo anafaidika zaidi na 420HC, ambacho hurudisha makali kwa dakika chache.

Mpini nao una somo. Katika miaka ya karibuni mbao yake imetoka Kameruni, kwenye kiwanda cha Crelicam, ambacho Taylor Guitars, watengenezaji wa magitaa wa Marekani, walikinunua mwaka 2011 pamoja na kampuni ya Hispania. Bob Taylor wa Taylor Guitars aligundua kwamba miti ya mbao hiyo iliyokatwa na kukutwa na michirizi iliachwa ioze msituni, kwa kuwa soko lilitaka weusi mtupu. Mbao ilikuwa imara vile vile. Aliamua kuitumia yote.

Ndiyo maana nasema tukirithi kitu, tuulize kwanza umbo lake lilitatua shida gani. Kama bado linaitatua, tuliache, na nguvu zetu tuzipeleke kwenye kiini. Shule inayopaka kuta rangi kila mwaka na kumnyima mwalimu mafunzo imebadilisha mpini. Fundi anayeuza kabati zuri lenye viungo vilivyopigiliwa haraka amemdhulumu mteja mahali asipoweza kupaona. Anayekiboresha kiini mara nyingi hatasifiwa siku ya kuuza, na mtumiaji naye atalazimika kujifunza kukitunza. Naona huo ni mkataba wa haki kati ya wawili hao: mmoja asidanganye ndani ya kazi yake, na mwingine asipokee kilicho bora kisha akakiacha kife kwa uvivu wa kukinoa.