Zamu Isiyoandikwa

Je, ahadi isiyoandikwa ina uzito gani pale ambapo sheria iko kimya? Mwanasheria atajibu kwamba kisichoandikwa hakidaiwi. Wazee wetu, waliosema ahadi ni deni, hawakuuliza kama deni hilo lina hati. Swali hili si geni kwa watu wa visiwa, na mfano wake ulio wazi umetokea mbali nasi, katika bahari ya Pasifiki.

Mwaka 1971 viongozi wa nchi saba walikutana Wellington, New Zealand, wakaanzisha kikao ambacho leo huitwa Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki, lenye makao yake Suva, Fiji. Wanachama wake sasa ni 18, na visiwa vyao vimo katika maeneo matatu: Melanesia, Polinesia na Mikronesia. Desturi yao ni kuamua mambo kwa kuridhiana, na palikuwapo mwafaka wa kiungwana kwamba cheo cha Katibu Mkuu kizunguke kwa zamu.

Mikronesia ilikuwa haijakishika cheo hicho tangu Ieremia Tabai wa Kiribati alipokiacha mwaka 1998. Basi ikasema: sasa ni zamu yetu. Februari 2021 kura zikapigwa. Henry Puna wa Visiwa vya Cook, vilivyomo Polinesia, akapata 9. Gerald Zackios wa Visiwa vya Marshall akapata 8. Nchi tano za Mikronesia, yaani Palau, Nauru, Kiribati, Visiwa vya Marshall na Shirikisho la Mikronesia, zikatangaza kujitoa.

Wapo watakaoitetea kura ile, na hoja yao si dhaifu. Cheo, watasema, apewe anayefaa; na mwenye kukubali kupiga kura akubali pia kushindwa. Lakini hebu tulitazame neno zamu kama tulijuavyo chomboni. Baharia hakeshi usiku kwa kuwa ana macho makali kuliko wenziwe. Hukesha kwa kuwa wenziwe wamelala wakimwamini, naye atalala wakati wao. Akiambiwa asishike zamu kwa kuwa wengi wamempenda mwingine, hataumia kwa kukosa kazi. Ataumia kwa kujua kwamba amehesabiwa miongoni mwa shehena.

Hapo ndipo naonapo kosa la kura 9 zile. Zilikuwa halali, na hapana aliyeiba. Hata hivyo, mtu aweza kutumia haki yake na papo hapo akamdhulumu jirani. Uchungu huo ni mkubwa zaidi kwa wasioweza kuhama. Mwaka 2018, katika Azimio la Boe, viongozi haohao walikuwa wamekubaliana kwamba mabadiliko ya tabianchi ndiyo tishio kubwa kuliko yote kwa maisha ya watu wao. Visiwa vya Kiribati karibu vyote vimeinuka mita chache tu juu ya maji. Bahari inayopanda haitasubiri walio wengi wasuluhishwe na walio wachache.

Suluhu ilipatikana Suva mwaka 2022: Puna aondoke 2024, Mikronesia ishike baada yake, na zamu iandikwe. Hata hivyo, Julai mwaka huohuo Kiribati ilijitoa. Karatasi haikuitosha. Januari 2023 Waziri Mkuu mpya wa Fiji, Sitiveni Rabuka, alisafiri hadi Kiribati akaomba radhi, na mwezi huohuo Kiribati ikatangaza kurejea. Mwaka 2024 Baron Waqa wa Nauru akashika ukatibu mkuu.

Siidharau hati. Nimeishi kwa maandishi, na najua kwamba kumbukumbu ya wakubwa hupotea upesi inapowafaa. Lakini wino uliandika tu kile ambacho kila mmoja wao alikwishakijua. Aliyevuka bahari kwenda kuomba radhi alikiri zaidi ya hapo: kwamba neno lilikuwapo kabla ya karatasi, na kwamba lilivunjwa. Umoja wowote wa majirani, uwe na mikataba mingapi, utasimama kwa watu walio tayari kukiri hivyo hata pale ambapo hapana mahakama ya kuwalazimisha.