Saa 72 za Kukaa

Mswahili akitaka kujua makazi ya mtu huuliza, "Unakaa wapi?" Kitenzi ni kilekile cha kukaa kitini. Hata maskani, neno tulilolipata kwa Waarabu, lina mzizi mmoja na sakina, yaani utulivu. Basi anayelala garini ana paa, ana mlango, ana ufunguo. Je, anakaa?

Oktoba 2016, mjini Seattle, Marekani, mwanamume mmoja alikwenda kazini usiku akiwa ameliacha gari lake katika uwanja wa serikali ya jiji. Ndimo alimokuwa akilala na kuweka vifaa vyake vya ufundi. Sheria ya jiji hairuhusu gari kuegeshwa mahali pamoja zaidi ya saa 72. Likavutwa, naye akalala nje. Ili alipate tena, alikubali kulipa dola 50 kila mwezi mpaka zitimie zaidi ya 500, na kipato chake chote cha mwezi kilikuwa dola mia chache tu. Agosti 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington iliamua kwamba gari lile lilikuwa nyumba yake, na kwamba malipo yale yalizidi kipimo kwa mtu wa hali yake.

Ilikuwa hukumu ya haki. Hata hivyo, serikali ya Marekani inapohesabu watu wasio na makazi, anayelala garini huhesabiwa pamoja na anayelala barabarani. Kauli hizo mbili hazigongani: mahakama ilikilinda kidogo alichonacho mtu, hesabu inakitaja anachokosa.

Katika Kurani, aya ya 80 ya Surat An-Nahl inazitaja nyumba kuwa mahali pa utulivu, kisha inayataja mahema ya ngozi, mepesi siku ya kuhama na siku ya kutua. Vyote viwili ni neema. Lakini mwenye hema huhama siku aliyoichagua mwenyewe. Mwenye gari Seattle huhamishwa na saa.

Santa Barbara, California, ilianza kulijibu hilo mwaka 2004. Shirika la New Beginnings lilipata viwanja vya maegesho, vikiwemo vya makanisa, ambapo watu hulala usiku bila kufukuzwa. Muhimu zaidi ni wahudumu wanaowafuata huko huko: kuwasaidia kupata upya vitambulisho vilivyopotea, kuomba ruzuku ya kodi, kumtafuta mwenye nyumba atakayekubali. Kanisa linalofungua geti na kuishia hapo limetenda jema, ila limempa mgeni wake usiku mmoja. Asubuhi anawasha injini tena.

Wapo waumini wanaoona mtu lazima kwanza aache pombe au apate kazi ndipo astahili chumba. Mwanasaikolojia Sam Tsemberis aliugeuza mpangilio huo New York mwaka 1992: chumba kwanza, mengine baadaye. Ufini iliufanya kuwa sera ya taifa kuanzia 2008, na Jeshi la Wokovu, kanisa lenye historia ndefu ya kupiga vita ulevi, likakubali hosteli yake kubwa ya Helsinki igeuzwe kuwa vyumba vya kupangisha. Palipotolewa kitanda cha usiku, wakazi sasa wana mkataba wa upangaji wenye majina yao.