Kazi ya Mkono ni ya Nani?

Watu hudhani kuwa uongo hukaa ulimini tu. Uongo waweza kukaa vidoleni pia. Nalijua hilo kwa sababu uliwahi kukaa katika vidole vyangu.

Katika nchi ya Nyeri, chini ya Mlima Kenya, kiondo ni chombo cha kale. Kukisuka kulikuwa kazi ya wanawake. Walichuna magome ya vichaka, wakayasokota yakawa nyuzi. Na baada ya katani kuletwa Afrika Mashariki mwaka 1893, nayo iliingia katika ufundi huo. Leo wanaume kwa wanawake hujifunza kusuka. Mwanagenzi hahitaji mali. Maganda makavu ya mgomba, nyuzi za sweta kuukuu na kipande cha boksi humtosha. Hutia chale katika kingo mbili za boksi, hutandika nyuzi za kusimama ziitwazo mtande, kisha hupitisha mshindio juu ya uzi mmoja na chini ya uzi wa pili mpaka mwisho wa safu. Akirudi hugeuza: ulipopita juu, sasa hupita chini. Sheria ni hiyo moja. Akili huielewa kwa dakika chache. Mkono huitii baada ya siku nyingi.

Nilipokuwa mwalimu mchanga katika shule moja ya msingi, binti mmoja alisuka kiondo kidogo cha katani. Kiondo huanzwa kitakoni, na huko kitakoni aliruka nyuzi mbili. Kosa lilikuwa dogo, lakini kila safu ilirithi kosa la safu iliyotangulia, hata ubavu mmoja ukalala. Siku ya wazazi ilikuwa kesho yake. Nilimhurumia, nikakichukua kiondo nyumbani, nikakifumua usiku na kukisuka upya. Asubuhi kilisimama wima. Wageni walikisifu, na mama yake alifurahi. Binti mwenyewe hakufurahi. Alikigeuza huku na huku, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, uzi wangu mwekundu uko wapi?" Ulikuwa uzi wa sweta ya nyanya yake, aliouunga katani ilipompungukia. Mimi niliuona kuwa dosari, nikautupa. Sikuwa na jibu ila kumwomba radhi.

Tangu siku ile najiuliza: je, ni wema kumtengenezea mtu kazi yake ili asiaibike? Wako wasemao kuwa ni wema. Husema kuwa mtoto akiaibishwa mapema ataichukia kazi. Husema pia kuwa mnunuzi katika soko la Karatina hanunui jitihada, hununua kiondo kitakachobeba viazi bila kupasuka. Maneno haya yana uzito. Kiondo kibovu ni kibovu, na mwalimu akikisifu kwa huruma asema uongo wa pili.

Lakini kati ya kuusifu ubovu na kuuficha iko njia ya tatu, nayo ni kufumua. Mwalimu na aonyeshe kosa lilipoanzia, achukue nyuzi zake mwenyewe, asuke polepole mbele ya mwanafunzi, kisha anyamaze. Wa kufumua ni mwenye kazi. Kufumua safu kumi kwa ajili ya nyuzi mbili ni uchungu, na uchungu huo haubebwi na mtu mwingine, kama vile hakuna awezaye kula kwa niaba ya mwenye njaa. Usiku ule nilidhani namwondolea binti aibu; kumbe nilimwondolea somo, na juu ya somo nikamwondolea haki ya kusema, "Hiki ni changu." Tena nilimfundisha, bila kutamka neno, kwamba sifa yaweza kupokewa na asiyeitolea jasho.

Jambo hili halihusu viondo peke yake. Tangu mtaala wa umilisi uanze katika madarasa ya chini mwaka 2019, watoto wa Kenya hupewa kazi za mikono wazifanye nyumbani, na wazazi wengine, kwa mapenzi, huzifanya wao au huzinunua. Mwanafunzi wa sekondari naye hushawishika kunakili insha ya mwenzake, au kuandikiwa na mashine. Alama hupatikana, mkono hubaki mjinga.

Basi, wewe usomaye, ukipewa kazi ifanye, hata ikipinda. Ukionyeshwa kosa, fumua mpaka lilipoanzia, wala usingoje kiondo kifike ukingoni, kwa maana samaki hukunjwa angali mbichi. Na siku utakapokuwa mzazi au mwalimu, uzuie mkono wako. Usiutupe uzi mwekundu wa mtoto kabla ya kumwuliza aliutoa wapi.